Mbwa Kuharisha Baada ya Kubadilishiwa Chakula: Kinachotokea Tumboni na Namna ya Kukabiliana Nacho

Mbwa amekula ugali wa dona na dagaa kwa miaka mitatu bila shida. Siku moja mwenye nyumba ananunua mfuko wa chakula cha punje, anajaza bakuli hadi juu, mbwa anamaliza kwa dakika mbili na kulilamba bakuli likang'aa. Kesho yake asubuhi uani kuna choo cha maji. Watu wa nyumbani wanakubaliana haraka kwamba chakula kile ni kibaya, au ni feki, au kwamba mbwa wa kienyeji hawawezi vyakula vya dukani. Mfuko anapewa jirani, mbwa anarudishiwa ugali, anaharisha siku mbili zaidi, na sasa hata ugali unaanza kushukiwa.

Mara nyingi chakula chenyewe hakina kosa lolote. Kilichomwangusha mbwa ni kasi ya badiliko na kiasi kilichotiwa bakulini. Ukielewa kwa nini, utajua pia lini usubiri, lini upunguze, na lini uache kulaumu chakula ukamtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa nini tumbo linagoma

Sisi leo tunakula wali maharage, kesho chapati, keshokutwa samaki. Matumbo yetu yamezoea mabadiliko. Mbwa wengi hupewa chakula kilekile asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, na mwili wake hujipanga kwa hicho kimoja. Kongosho lake hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini, na uwiano wa vimeng'enya hivyo hufuata kile anachokula kila siku. Mbwa wa ugali ana kongosho lililozoea wanga mwingi na mafuta kidogo. Ukimletea ghafla chakula chenye mafuta na protini nyingi kuliko alivyowahi kupata, linahitaji siku kadhaa kujipanga upya. Katika siku hizo sehemu ya chakula hupita utumbo mwembamba bila kuvunjwa.

Kinachofuata ni jambo analolifahamu kila mpishi. Ukitia chumvi kwenye kachumbari, baada ya muda sahani inajaa maji, kwa sababu chumvi huyavuta kutoka ndani ya nyanya na matango. Chembe za chakula kisichosagika hufanya vivyo hivyo ndani ya utumbo: huyavuta maji kutoka mwilini na kuyazuia yasifyonzwe. Utumbo mpana, ambao kazi yake kubwa ni kukausha kinyesi, unazidiwa. Ndiyo maana mbwa anaweza kuharisha maji matupu bila kuwa na ugonjwa wowote wa kuambukiza.

Halafu kuna bakteria. Wanaoishi kwenye utumbo mpana ni kama wakazi wa soko: wanafuata bidhaa iliyopo. Chakula kikibadilika ghafla, waliokuwa wachache lakini wanaokipenda kile kipya huongezeka kwa kasi, hutoa gesi na asidi, na waliokuwa wengi hufifia. Tumbo hunguruma, mbwa hujamba kuliko kawaida, choo hunuka vibaya. Msukosuko huu hutulia wenyewe baada ya siku chache mradi chakula kisibadilishwe tena katikati. Anayebadilisha chakula mara tatu kwa wiki moja akitafuta "kinachomkubali mbwa" anavuruga tumbo mara tatu.

Neno moja kwa wanaosema mbwa ni mla nyama, hivyo wanga ni sumu kwake. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliolinganisha jeni za mbwa wa kufugwa na za mbwamwitu. Mbwamwitu alikuwa na nakala mbili tu za jeni inayotengeneza amilasi, kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa wa kufugwa alikuwa nazo nyingi zaidi. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yameacha alama mwilini mwake. Ugali uliopikwa ukaiva husagika vizuri tumboni mwa mbwa. Tatizo la ugali mtupu ni upungufu wa protini, kalsiamu, vitamini na mafuta muhimu, wala hauna uhusiano na kuharisha. Pumba ni suala jingine: zina nyuzinyuzi nyingi sana, na mbwa anayelishwa pumba hutoa kinyesi kikubwa kwa sababu sehemu kubwa ya alichokula haikumfaa.

Kiasi ndicho kinachowaponza wengi

Kilo moja ya ugali, zaidi ya nusu yake ni maji. Punje kavu zina maji takriban sehemu moja tu ya kumi. Kwa hiyo mtu akipima kwa macho, au akitaka mbwa aonekane ameshiba kama zamani, anampa nguvu nyingi kupita mahitaji.

Tuchukue mbwa mlinzi wa kilo 20, mtu mzima, asiye na mimba wala watoto wa kunyonyesha. Anahitaji takriban kilokalori 1,000 hadi 1,100 kwa siku. Vyakula vingi vya punje vina kilokalori 350 hadi 400 katika gramu 100. Soma mfuko, wengi huandika. Maana yake mbwa huyu anahitaji kama gramu 300 kwa siku nzima, gramu 150 asubuhi na 150 jioni. Bakuli la plastiki la lita mbili likijazwa punje hubeba gramu 700 hadi 800. Yule mbwa aliyelimaliza bakuli kwa dakika mbili alikula mlo wa zaidi ya siku mbili kwa mara moja. Tumbo lolote lingemwaga.

Kama huna mizani, peleka kopo lako dukani mara moja, likapimiwe gramu 150, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Kopo hilo liishi ndani ya mfuko wa chakula, na kila anayemlisha mbwa, pamoja na mlinzi na watoto, alitumie hilohilo. Nyumba nyingi mbwa huharisha kwa sababu analishwa na watu watatu wasioulizana.

Siku kumi za mpito

Mwongozo unaochapishwa kwenye mifuko mingi ni siku saba. Kwa mbwa anayetoka kwenye punje za aina moja kwenda nyingine, saba zinatosha. Kwa anayetoka kwenye ugali na makombo, siku kumi ni salama zaidi, na mwenye tumbo jepesi apewe hata kumi na nne.

Kwa mbwa wetu wa kilo 20 mambo yaende hivi. Siku ya 1 hadi ya 3, mpe robo tatu ya chakula chake cha zamani na gramu 75 za punje kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Siku ya 4 hadi ya 6, nusu ya zamani na gramu 150. Siku ya 7 hadi ya 9, robo ya zamani na gramu 225. Siku ya 10 anaingia kwenye gramu 300 kamili. Changanya vizuri. Ukiweka punje juu na ugali chini, mbwa mjanja atachagua anachopenda na hesabu yako yote itapotea.

Loweka punje kwa maji ya uvuguvugu, kiasi sawa na punje zenyewe, kwa dakika 10 hadi 15. Zinalainika, mbwa hazibwii kwa pupa, na anapata maji humo humo. Chakula kilicholoweshwa kisikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto la Pwani au Kisumu, maana kinachacha upesi. Alichobakisha kiondoe.

Maji yana habari yake. Mbwa anayekula ugali na mchuzi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye chakula, na mwenye nyumba huzoea kumwona akinywa kidogo tu. Akihamia kwenye punje kavu anaanza kunywa sana, na watu wanashtuka. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita moja hadi lita 1.2 kwa siku, na zaidi kwenye joto. Chombo chake kiwe kikubwa, kisipinduke, kioshwe kila siku. Mbwa wa punje aliyewekewa kikopo cha maji mara moja kwa siku atakunywa mtaroni.

Katika kipindi hiki usiongeze kitu kingine chochote kipya: wala mifupa, wala maziwa, wala dawa ya minyoo kama inaweza kusubiri wiki moja. Akiharisha, ujue ameharishwa na nini. Maziwa hasa yana lawama yake ya kweli, kwa kuwa mbwa wengi wakubwa hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Yanafika utumbo mpana yakiwa mazima, na ile hadithi ya kachumbari inarudi.

Kinyesi kitabadilika hata kama yote yanaenda sawa. Anayetoka kwenye pumba atatoa choo kidogo na chenye rangi nyingine. Laini lakini chenye umbo, kinachookoteka kwa koleo bila kuacha uchafu mwingi, si tatizo. Kikilainika mpaka kikapoteza umbo, baki kwenye hatua uliyopo siku mbili au tatu zaidi, au rudi hatua moja nyuma. Usikimbilie mbele ili kufuata kalenda.

Akishaharisha

Kuharisha kwa sababu ya chakula kipya kwa kawaida huanza ndani ya siku moja hadi tatu tangu badiliko. Mbwa anabaki mchangamfu, anataka kula, anatingisha mkia. Anaweza kutapika mara moja. Huyu anaweza kutunzwa nyumbani.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa bila chakula saa 12, yaani ukaruka mlo mmoja, lakini maji yawepo muda wote. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula hata kidogo. Sukari yake ya damu hushuka haraka, anaweza kulegea na kupoteza fahamu. Vivyo hivyo mbwa wa aina ndogo sana.

Baada ya hapo mpe chakula chepesi: kuku wa kuchemsha bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi wala viungo, sehemu moja, na wali uliopikwa ukalainika, sehemu mbili. Kuku akiwa ghali, mayai ya kuchemsha au samaki aliyetolewa miiba hufaa. Anza na vijiko vitatu au vinne vya chakula kila mlo kwa mbwa wa kilo 20, milo minne hadi mitano kwa siku, ukiongeza kadiri choo kinavyoshika. Kijiko kimoja au viwili vya boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kukipa kinyesi umbo. Endelea hivi siku mbili au tatu, kisha rudi kwenye mpito ukianzia hatua ya kwanza. Chakula hiki hakina madini ya kutosha, hivyo hakifai kuwa cha kudumu.

Kwa maji aliyopoteza, pakiti ya ORS iliyochanganywa kwenye lita moja ya maji safi inafaa kama hatapiki. Mwekee kama nusu kikombe kila saa, na maji ya kawaida pembeni. Akikataa, usimmiminie mdomoni kwa nguvu, maana yakiingia mapafuni umemletea ugonjwa mbaya kuliko aliokuwa nao.

Jifunze kupima upungufu wa maji. Vuta ngozi ya mabegani juu, iachie: ikirudi mara moja, vizuri, ikibaki imesimama kama hema, ana upungufu. Gusa ufizi: uwe na utelezi, usiwe mkavu wa kunata. Bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, likipimwa njia ya haja kubwa. Kumgusa pua hakukuambii lolote.

Tahadhari moja kabla ya kumfungua mdomo. Mbwa asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa, anayedondosha mate, asiyeweza kumeza au aliyebadilika tabia, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie na umwite daktari.

Dawa za binadamu

Hapa ndipo madhara makubwa yanapofanyika, na yanafanyika kwa nia njema. Vidonge vya metronidazoli, ambavyo wengi wanaviita Flagyl, hununuliwa duka la dawa na kusagwa kwenye ugali kila mbwa anapoharisha. Dawa hii huua bakteria wengi wa utumboni, wazuri kwa wabaya, yaani wale wale unaotaka watulie. Tumbo lililovurugwa na chakula huvurugwa tena na dawa. Kipimo kikizidi, au ikitumika muda mrefu, mbwa huyumba, macho hucheza, hata kutetemeka. Kuharisha kwingi kwa badiliko la chakula kungekwisha kwenyewe katika siku zilezile ambazo dawa inapewa sifa.

Loperamidi, ile ya kuzuia kuharisha, huzuia utumbo kusukuma. Kama kuna sumu au vijidudu, vinabaki ndani. Mbwa wa jamii ya Collie, na machotara wao, wengine wana hitilafu ya jeni inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Ibuprofeni na diklofenaki usithubutu: hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa.

Pale ambapo chakula kinasingiziwa

Chakula kipya na ugonjwa vinaweza kufika wiki moja, na cha kwanza kikabeba lawama ya cha pili. Mtoto wa mbwa ndiye mfano mkubwa. Anatolewa kwa mama yake akiwa na wiki nane, anasafirishwa, anafika kwenye nyumba ngeni, chakula kigeni, na mara nyingi na minyoo aliyoirithi kwa mama. Akiharisha siku ya tatu, kila mtu anasema ni chakula. Lakini kama anatapika mfululizo, amelala tu, hataki kitu, na choo kina damu na harufu nzito isiyo ya kawaida, fikiria kwanza ugonjwa wa virusi uitwao parvo. Virusi hivi huua kwa saa, si kwa wiki. Huanza kuonyesha dalili siku 3 hadi 7 hivi baada ya kuambukizwa, na hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo banda alikofia mtoto wa mwaka jana linaweza kumwambukiza huyu. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji. Chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka atimize angalau wiki 16. Sindano moja haimalizi kazi.

Unapomchukua mtoto wa mbwa, omba akabidhiwe pamoja na kilo moja au mbili za chakula alichozoea, hata kama ni ugali na dagaa. Mpe hicho hicho siku tatu au nne akizoea nyumba, ndipo uanze mpito.

Mafuta ni mtego wa sikukuu. Baada ya Idi au Krismasi mbwa humwagiwa ngozi za kuku, mafuta ya nyama na mchuzi uliobaki. Mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuwasha kongosho likaanza kujimeng'enya lenyewe. Mbwa hutapika tena na tena, hujikunja mgongo kwa maumivu, au huinamisha miguu ya mbele na kuinua makalio kama anayesujudu. Huu si msukosuko wa kusubiri. Mchuzi una vitunguu pia, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu: gramu 150, yaani kitunguu kimoja kikubwa, zinaweza kumdhuru mbwa wa kilo 10. Dalili huja siku kadhaa baadaye, ufizi ukiwa mweupe na mkojo wa kahawia, wakati mwenye nyumba ameshasahau sikukuu.

Mbwa anayetapika kila anachokunywa na hapati choo kabisa huenda ameziba. Gunzi la mahindi na kokwa la embe ni wakosaji wakubwa, kwa sababu mbwa huvimeza vikiwa na ladha na havisagiki. Na mbwa mkubwa wa kifua kirefu, kama German Shepherd, akivimba tumbo na kujaribu kutapika bila kitu kutoka, tumbo lake huenda limejipinda. Ana saa chache tu. Mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza hatari hiyo, sababu nyingine ya kumlisha mara mbili.

Mahindi yenye ukungu yasemwe waziwazi, kwa maana kuna desturi ya kusaga yaliyoharibika "kwa ajili ya mbwa". Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125. Ini la mbwa huathirika vibaya na sumu hiyohiyo, na kupika hakuiondoi. Mbwa aliyekataa ugali wake, anayetapika na macho yamekuwa ya njano, huyo ameshaumia.

Punje nazo huharibika. Zinazopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa dukani hazina tarehe, na hujui mfuko ulifunguliwa lini. Mafuta yake huchacha kwa joto na hewa, na kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa ukungu hauchelewi. Nunua mfuko utakaoisha ndani ya wiki nne hadi sita, uache chakula ndani ya mfuko wake, na mfuko uuweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Mbwa aliyezoea chakula vizuri kwa miezi miwili kisha akaanza kuharisha alipofunguliwa mfuko mpya, hapo ndipo chakula chenyewe kina haki ya kushukiwa. Tunza kipande cha mfuko chenye namba ya toleo.

Nenda kwa daktari bila kusubiri ikiwa choo ni cheusi kama lami au kina damu nyingi, ikiwa ametapika zaidi ya mara mbili tatu, ikiwa amelegea, ana joto zaidi ya nyuzi 39.5, ngozi hairudi, au ni mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa mtu mzima mchangamfu, siku tatu bila nafuu zinatosha kusubiri. Beba kinyesi cha siku hiyohiyo kwenye kikopo safi chenye mfuniko, picha ya mfuko wa chakula, na karatasi uliyoandika ameharisha mara ngapi, choo kikoje, na amepewa nini tangu mwanzo, pamoja na vile vidonge ambavyo pengine unaona aibu kuvitaja. Kinyesi kipimwe minyoo na giadia (kijidudu cha utumboni), maana minyoo ya safura na giadia huharisha mbwa kwa wiki nyingi bila kujali umempa ugali au punje.